Mzee Naftali Ojuok Okech, Aliyelichunga Jiwe la Bwana Afya

Mzee Naftali Ojuok Okech alizaliwa tarehe 3 Machi 1936 katika kijiji cha Sota, karibu na Shirati, wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Okech, mvuvi, na Mama Dorka, mfinyanzi wa vyungu. Mama Dorka mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba mimba ya Ojuok ilimtia hamu ya udongo wa kichuguu kuliko mimba zake nyingine zote. Alikula asubuhi, alikula jioni, mpaka majirani wakamtania kwamba safari hii atajifungua tofali. Hakujifungua tofali. Alijifungua mtu ambaye tangu alipoanza kusema hakuacha kuuliza udongo unatoka wapi.

Mwaka 1946 alianza darasa la kwanza katika shule ya misheni, Shirati. Siku zile watoto waliandikia vibao vya jiwe jeusi. Ojuok alimwuliza mwalimu wake kibao kile kilichimbwa mlima gani. Mwalimu akamjibu kwamba kilitoka dukani, arudi akakae. Alirudi akakaa, lakini jibu lile halikumtosha, na hata uzeeni akilikumbuka alicheka mpaka akakohoa. Alimaliza darasa la nne mwaka 1949 na kubatizwa mwaka uliofuata katika kanisa la Mennonite. Baba yake alipofia ziwani mwaka 1951, ndoto ya shule ya kati ikaishia hapo. Akabaki kumsaidia mama yake kuchimba udongo wa vyungu bondeni, huku amembeba mgongoni mdogo wake Ogweno, aliyekuwa bado ananyonya.

Bondeni huko ndiko alikopata jibu ambalo mwalimu hakumpa. Udongo wa juu ulikuwa laini. Akichimba zaidi, unakuwa mgumu. Chini yake anakuta kitu chenye umbo la jiwe kabisa, lakini akikibonyeza kwa kidole kinamumunyuka. Na chini ya hicho, jiwe lenyewe. Yaani chungu alichopikia mama yake kilikuwa jiwe lililooza. Aliwaambia wajukuu wake jambo hilo mara nyingi, naye hakulisema kama fumbo: “Jiwe nalo huoza kama mtu. Tofauti ni kwamba lenyewe halinuki, kwa hiyo hamjui limeanza lini.”

Mwaka 1956 alivuka kwenda Geita, akaajiriwa kuchimba chini ya ardhi katika mgodi wa dhahabu. Huko alijifunza kwamba dhahabu haikai peke yake. Hukaa ndani ya mishipa ya jiwe jeupe linalong'aa kama chupa, na anayeitaka lazima aisage hiyo chupa, na chupa ikisagwa hutoa vumbi. Wachimbaji wote walikuwa na dawa yao ya vumbi, nayo ilikuwa maziwa. Waliamini kwamba bilauri moja ya maziwa kila jioni huliosha vumbi kifuani, likashuka tumboni, likatoka kama uchafu mwingine. Mzee Ojuok aliishika dawa hiyo maisha yake yote ya kazi. Hata siku ambazo nyumbani hapakuwa na mboga, maziwa yake yalipatikana. Hakuna aliyemwambia kwamba njia ya maziwa na njia ya vumbi hazikutani.

Akiwa bado Geita, tarehe 22 Desemba 1962, alifunga ndoa na Bi. Prisila Amondi, binti wa mvuvi wa Kinesi. Pamoja na ng'ombe wa mahari, aliwapelekea wakwe zake jiwe la kusagia alilolichonga kwa mkono wake mwenyewe. Mama mkwe alilitazama, akasema wengine wanaletewa kanga, yeye kaletewa mzigo. Lakini alilitumia mpaka siku zake za mwisho, kisha likarudi kwa Amondi, na leo katikati yake pamechimbika kama kitanda alicholalia mtu mzito. Kile kilichopungua kwenye jiwe lile hakikwenda mahali pengine. Kiliingia kwenye unga, na sote tuliokula ugali wa nyumba ile tumekula kipande chake.

Mgodi ulipofungwa mwaka 1966, marehemu alihamia Mwanza, akaishi Mabatini. Hapo alikutana na Luhaga, mzee wa Kisukuma aliyekuwa fundi wa kupasua mawe, na kwa Luhaga ndipo alipoipata kazi iliyomlisha mpaka mwisho. Mawe ya Mwanza hayapasuliwi kwa nguvu za mkono tu. Magogo hupangwa juu ya mgongo wa jiwe, yakachomwa tangu asubuhi. Ngozi ya jiwe inapata moto na kufura, wakati tumbo lake bado ni baridi. Kisha maji humwagwa kwa mpigo mmoja, na ngozi hubanduka kama chapati. Vijana wengi waliliogopa lile joto. Luhaga alikuwa akiwaambia wanaogopa kitu ambacho sicho.

“Moto haulivunji jiwe,” alimfundisha Ojuok. “Moto unalidanganya tu. Maji ndiyo yanayolivunja.”

Mwaka 1974 familia ilihamia Usagara, ikapewa kiwanja chini ya kilima, upande wa kushoto kama unaelekea Misungwi. Juu ya kiwanja hicho lilisimama jiwe kubwa kama kanisa dogo. Majirani waliliita Bwana Afya, kwa sababu lilikaa pale juu likichungulia jiko na choo cha kila mtu kama mkaguzi wa afya wa serikali. Lilikuwa limekalia mawe matatu madogo, kama chungu juu ya mafiga, na chini yake, mteremkoni, zilijengwa nyumba moja baada ya nyingine.

Mzee Ojuok alilipenda jiwe hilo, na kila mjukuu aliyefikisha umri wa kuuliza alipelekwa kulishika. Aliwaonyesha vile vipande vinavyong'aa kama chupa, ambavyo haviozi. Ndivyo vinavyokuwa mchanga ufukweni. Aliwaonyesha vile vyeupe vya kufifia, ambavyo ndivyo huoza vikawa udongo wa vyungu. Aliwaonyesha ulanga mweusi unaobanduka kama magamba ya samaki. Aliwaambia kwamba hapo zamani, kabla hajakuwapo mtu wa kuhesabu, jiwe lile lilikuwa uji wa moto chini sana ya ardhi, uji uliosahauliwa jikoni ukapoa polepole mno. Ndiyo maana chembe zake ni kubwa. Ardhi iliyolifunika ilipochukuliwa na mvua, jiwe likaona mzigo umeondoka, likanyoosha mgongo, na mgongo ukapasuka. Wajukuu waliporudi shuleni na kukuta mambo hayo hayo vitabuni, walirudi mbio kumwambia. Alikuwa akiuliza, “Wameandika na kwamba bado linaendelea?” Hilo halikuwa limeandikwa kwa namna aliyoitaka.

Kwa miaka ishirini alipasua mawe ya kilima kile kila upande. Misingi mingi ya nyumba kati ya Buzuruga na Usagara imetoka mikononi mwake. Bwana Afya hakumgusa.

Kisha ikaja miaka hii ya milango wazi. Biashara ikaachiwa, tipa za watu binafsi zikaanza kupishana barabarani, viwanda vya minofu vikajengwa ufukweni, na kila aliyekuwa na kibanda akataka nyumba ya matofali. Kokoto ikawa kama dagaa wa msimu. Magogo yakaachwa, vijana wakachomea matairi chakavu kwa kuwa yana moto mkali na hayahitaji kuchanjwa, na moshi wake mweusi ukawa saa ya mji, ukiuona unajua kumekucha. Ogweno, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, alitoka Sota mwaka 1991 kuja kufanya kazi na kaka yake. Alikuwa mwepesi wa mkono na wa mdomo, akawa kipenzi cha madereva wa tipa.

“Kaka,” alimwambia mbele ya watu, “una jiwe uani kwako, halafu unafuata mawe Misungwi. Wewe ni mvuvi anayenunua dagaa sokoni.”

Watu walicheka, na marehemu alicheka nao. Lakini Agosti 1994 alisafiri kwenda Sota kumzika shangazi yake, na aliporudi alikuta masizi ya matairi kwenye figa moja la Bwana Afya, na upande mzima wa figa hilo haupo. Umeshapakiwa kwenye tipa na kwenda zake. Katika kile kilichobaki palikuwa na ufa unaoingia ukucha. Ogweno alieleza kwamba amechukua kidogo tu, na kwamba jiwe lenyewe halikutikisika. “Kwani dogo hili linabeba nini, kaka?”

“Linakubeba wewe,” Mzee Ojuok alimjibu. “Linambeba na jirani yetu Justa pale chini na watoto wake.”

Hakupandisha sauti. Alishuka bondeni, akaleta udongo mweupe, akaukanda kama alivyomwona mama yake akifanya, akaupaka kuvuka ule ufa, utepe mwembamba kama ganda la yai. Udongo mkavu haunyumbuki. Ufa ukiongezeka hata kiasi cha unywele, udongo hukatika. Tangu siku ile, kabla hajaitikia shikamoo ya mtu yeyote, kila asubuhi alikwenda kuupapasa kwa kiganja. Ukiwa mzima alirudi akisema Bwana Afya kaamka salama, ndipo chai ikanywewa.

Ulikatika katika mvua za mwaka 1995, ukakatika tena mwaka 1996. Mara zote mbili aliupaka upya, na mara zote mbili alimtaka Justa, muuza maandazi ambaye nyumba yake ndiyo ya kwanza chini ya jiwe, alale kanisani na watoto wake mpaka mvua zipite. Justa alikwenda, lakini kwa kunung'unika. Alisema jiwe hili babu yake alilikuta hapa hapa. Marehemu alimwuliza, “Na babu yako yuko wapi?” Maneno hayo yalizunguka Usagara nzima kama mzaha. Yeye hakuyasema kwa mzaha.

Kikohozi kilimwanza mwaka 1992. Alitumia dawa za kifua kikuu, akapata nafuu kidogo, kikarudi. Mwezi Novemba 1996 alipigwa picha ya kifua katika hospitali moja mjini Mwanza, na daktari akamweleza kwamba mapafu yake yamejaa vumbi la mawe, lile la kung'aa, ambalo mwili hauwezi kuliyeyusha. Mzee aliuliza kama linatoka. Akaambiwa halitoki. Jioni ile, alipowekewa bilauri yake ya maziwa, aliitazama kitambo, akaisukuma upande wa mjukuu wake mdogo, Favour. Baadaye alikuwa akisema yeye na jiwe wametoka sare: yeye kaingia ndani yake, nalo limeingia ndani yake.

Alipojua kwamba hana muda, hofu yake haikuwa kifo. Ilikuwa Amondi. Kwa desturi yetu, mjane haombolezi katika nyumba ambayo mumewe hakupata kulala, wala haondoki katika boma la mume kabla taratibu hazijaisha. Maana yake ni kwamba siku atakapofariki, mke wake atafungiwa chini ya Bwana Afya, na wazee ndio watakaofunga mlango kwa nia njema. Kwa hiyo Julai mwaka huu, akikaa chini kupumzika baada ya kila hatua chache, alisimamia ujenzi wa nyumba ndogo ya udongo hapa bondeni, ng'ambo ya barabara, mahali ambapo hakuna kitu juu ya paa isipokuwa mbingu. Alipoimaliza alibeba jogoo, akabeba moto, akamshika mkono Amondi, wakashuka kulala humo usiku mmoja kama desturi inavyotaka. Vijana wa stendi walipiga miluzi kwamba Mzee Ojuok yuko fungate. Asubuhi Amondi aliwajibu kwamba fungate gani, mtu kakohoa mpaka jogoo kanyamaza. Lakini alichukua ufagio, akaufagia uwanja mbele ya watu, na boma likawa boma.

Kisha wakarudi juu, maana udongo wa kwenye ufa ulihitaji mtu. Alichagua mwenyewe mahali pa kaburi, hapa tuliposimama, ili wafiwa walifuate kaburi na waliache jiwe. Na alimwita Ogweno, akamwachia neno mbele ya mke wake: “Siku nitakayoondoka, msiwashe moto wa msiba kwenye jiwe. Na mkiwasha kwa ubishi wenu, msiuzime kwa maji.”

Mzee Ojuok alifariki Jumatano, tarehe 15 Oktoba 1997, saa tatu asubuhi, hospitalini Mwanza, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Mke wake alikuwa kando ya kitanda. Swali lake la mwisho lilikuwa kama kuna mtu amepapasa udongo siku hiyo.

Yaliyofuata yanapaswa kusemwa, kwa sababu bado hayajaisha. Jioni ile wazee kutoka Sota walifika. Mwanamume mwenye boma lake akifa, moto mkubwa wa magogo huwashwa uani, na wanaume hulala kuuzunguka mpaka azikwe. Amondi aliwakumbusha neno la marehemu, akawaomba moto uwashwe huku bondeni. Ogweno alisema kaka yake ameishi juu miaka ishirini na mitatu, na huku chini kalala usiku mmoja. Je, mtu mzima aombolezwe kwenye nyumba ya wageni? Wazee walimwunga mkono. Upepo wa ziwani ulikuwa mkali, wakatafuta kinga, na kinga ilipatikana mahali pamoja tu, kwenye lile figa lenye ufa. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Walikuwa wanampa heshima yake, na walimpa kwa magogo mazito, Jumatano mpaka alfajiri ya Ijumaa.

Ijumaa asubuhi Amondi alipanda kuupapasa udongo badala ya mumewe. Haukuwa umekatika. Ulikuwa umeanguka chini, na katika ufa kidole chake kiliingia hadi kwenye pete. Aliita watu. Upande wa ziwa wingu lilikuwa limesimama jeusi, na redio wiki nzima imekuwa ikitangaza mvua zisizo za kawaida. Vijana wakakimbilia ndoo za maji wauzime moto. Ya kwanza ilikuwa imeshainuliwa pale Ogweno alipoingia kati, uso wake umekuwa wa majivu, akaikamata kwa mikono miwili.

“Mkimwaga hayo maji,” alisema, “kaka yangu hatazikwa peke yake.”

Hapo ndipo wazee wa Sota walipolitazama lile jiwe kwa mara ya kwanza kama kitu kinachoweza kufanya jambo. Magogo yaliondolewa moja moja. Figa likafunikwa kwa majivu na udongo mkavu, juu yake yakalazwa mabati yaliyong'olewa kwenye paa la jiko ili tone la mvua lisilifikie. Ogweno alichukua makaa katika chungu cha Mama Dorka, kile kile cha zamani, akayashusha mwenyewe bondeni bila viatu, akawasha moto wa kaka yake hapa, kando ya kaburi. Huo ndio mnaouona unawaka. Hajaondoka kando yake tangu wakati huo, na ndugu wanaombwa wasimlazimishe.

Maneno haya yanapelekwa kupigwa chapa Ijumaa mchana, kwa ajili ya mazishi ya jioni hii. Mpaka sasa figa lile likishikwa bado ni la moto. Marehemu alikuwa akisema jiwe husahau moto polepole kuliko mtu. Wingu limeshavuka Ukerewe.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Prisila Amondi, ambaye wazee wamekubali kwamba atakaa msiba katika nyumba ya bondeni, watoto wanne, wajukuu tisa, na mdogo wake, Ogweno. Ameacha pia jirani yake Justa, aliyehamia kanisani na watoto wake leo bila kunung'unika, pamoja na nyumba tatu za mteremkoni ambazo wenyewe bado wanasema watahama Jumatatu.

Baada ya mazishi chakula kitaliwa hapa hapa. Aliyeacha mkeka, kiti au ndoo kule juu asikifuate, na watoto wasipelekwe kutazama.

Mzee Naftali Ojuok Okech apumzike kwa amani katika udongo huu, ambao nao zamani ulikuwa jiwe. Sisi tuliobaki, usiku wa leo tusipumzike chini ya Bwana Afya.